Mawimbi ya ubongo kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa sababu ya ini, figo, sukari au chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi kati ya maswali haya huulizwa na ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha EEG, yaani kipimo cha mawimbi ya ubongo. Machache huulizwa na wauguzi na matabibu vijana walioshika ripoti mkononi wasijue waanzie wapi. Kama una mgonjwa asiyeamka hivi sasa, acha kusoma, mpime sukari kwanza, halafu urudi.

Madaktari wanasema ubongo wa baba umevurugika lakini picha ya kichwa haina kitu. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ni jambo la kila siku wodini. Katika ensefalopathia ya kimetaboliki, yaani ubongo kuvurugwa na hitilafu za damu, ubongo haujapasuka mshipa wala haujaota uvimbe. Tatizo liko kwenye damu inayoulisha. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote mtu akiwa ametulia, na akiba yake ni ndogo mno. Sukari ikishuka, oksijeni ikipungua, sodiamu ikianguka, amonia (taka ambayo ini huisafisha) ikipanda kwa sababu ini limeshindwa, au taka zikirundikana kwa sababu figo zimechoka, seli za ubongo bado ziko hai ila kazi yao inaharibika.

Mwanzo huwa wa kimyakimya: mtu anakesha usiku na kulala mchana, anapoteza hesabu ndogo za dukani, anakasirika bila sababu. Baadaye anaweweseka, hajui yuko wapi, kisha usingizi unakuwa mzito hadi haamki. Kwa kuwa mwanzo ule unafanana na msongo wa mawazo au "mambo ya kienyeji", wagonjwa wengi huzungushwa sana kabla ya kufikishwa mahali penye maabara. Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi katika ugonjwa huu, maana mara nyingi ni wa kutibika.

EEG inapima nini hasa? Inaingiza umeme kichwani?

Haiingizi chochote. Inasikiliza tu. Seli za tabaka la juu la ubongo zinapofanya kazi kwa pamoja hutoa umeme mdogo sana, unaopimwa kwa maikrovolti, yaani sehemu ya milioni ya volti. Elektrodi, yaani vipande vidogo vya chuma vyenye nyaya, hubandikwa kichwani kwa jeli, umeme ule unakuzwa na mashine, na kinachoonekana ni mistari inayopanda na kushuka. Wa kwanza kurekodi mawimbi hayo kwa binadamu alikuwa Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alichapisha matokeo yake mwaka 1929, na kwa miaka kadhaa wenzake wengi hawakumwamini.

Mawimbi hupangwa kwa kasi. Delta ni chini ya mawimbi 4 kwa sekunde, theta ni kuanzia 4 hadi kabla ya 8, alfa ni 8 hadi 13, na beta ni zaidi ya 13. Mtu mzima aliye macho, ametulia na amefumba macho, huonyesha alfa upande wa kisogoni. Akifumbua macho, alfa inafifia. Mkumbuke huyo alfa wa kisogoni, kwa sababu ndiye wa kwanza kuathirika damu inapoharibika.

Kwa nini mawimbi yanapungua kasi?

Mdundo wa ubongo hutokana na mazungumzo ya mfululizo kati ya tabaka la juu na kiini cha ndani kiitwacho thalamasi. Ili mazungumzo hayo yaendelee, kila seli lazima isukume sodiamu nje na potasiamu ndani bila kupumzika, na kazi hiyo inakula nishati. Nishati ikipungua, au chumvi zikivurugika, au sumu ikiingia, mdundo unalegea. Kwa mgonjwa wa ini, amonia huingia kwenye ubongo na kugeuzwa kuwa glutamini ndani ya seli saidizi ziitwazo astrosaiti. Seli hizo huvuta maji na kushindwa kuwahudumia majirani zao.

Kwenye karatasi, mambo huenda kwa ngazi. Alfa iliyokuwa 10 kwa sekunde inashuka hadi 8. Mgonjwa bado anazungumza, labda anarudia maneno. Kisha theta inatawala na mgonjwa anachanganyikiwa waziwazi. Kisha delta, na mgonjwa anaamka kwa kutikiswa tu. Hali ikizidi, mistari inalala kwa sekunde kadhaa, inalipuka, inalala tena. Mwisho wa ngazi ni mstari bapa.

Jambo ambalo ripoti nyingi hulitaja kwa neno moja, nami ningelipa aya nzima, ni kama mawimbi yanajibu. Mtaalamu humwita mgonjwa kwa jina, hupiga makofi, hubonyeza ukucha. Mawimbi yakibadilika, hata kama ni ya polepole, ubongo bado unapokea. Yasipobadilika hata kidogo, wasiwasi unaongezeka.

Ripoti imetaja "mawimbi ya awamu tatu". Ni kitu gani hicho?

Ni umbo linalojirudia, pande zote mbili za kichwa kwa wakati mmoja, na huonekana zaidi mbele, kwenye paji la uso. Kila wimbi lina sehemu tatu: kijisehemu kidogo hasi, kisha sehemu kubwa chanya inayozama, kisha sehemu hasi pana na ya taratibu. Kwenye EEG hasi huchorwa kuelekea juu, kwa hiyo jicho linaona kilima kidogo, bonde refu, kilima kipana. Hujirudia mara moja hadi mbili na nusu hivi kwa sekunde. Mara nyingi wimbi linaonekana mbele kabla ya kuonekana nyuma, kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde.

Madaktari Foley, Watson na Adams waliyaeleza mwaka 1950 kwa wagonjwa wa ini, na mwaka 1955 Bickford na Butt wakayapa jina la awamu tatu. Wakati huo ilidhaniwa kwamba ni alama ya ini peke yake. Haikuchukua muda kuonekana kwa wagonjwa wa figo, wenye sodiamu ya chini, waliokosa oksijeni, na waliolewa na dawa. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "awamu tatu, basi ni ini", anazungumza lugha ya mwaka 1955.

Mawimbi haya huonekana zaidi mgonjwa akiwa kati ya kuchanganyikiwa na usingizi mzito. Kwa aliye macho kabisa ni nadra, na kwa aliyezama kabisa mara nyingi yameshatoweka na kubaki delta tupu. Kutoweka kwake, basi, si lazima iwe habari njema. Inabidi utazame mgonjwa anaelekea wapi.

Je, mawimbi ya awamu tatu ni kifafa?

Hapa ndipo mabingwa wenyewe hubishana, na hapa ndipo mgonjwa anaweza kuumizwa.

Umbo hilo lina ncha, linajirudia, linajaa karatasi nzima. Asiyezoea anaona kifafa. Kwa upande mwingine, kuna kifafa kisicho na degedege: ubongo unashika moto ndani, mwili umetulia, mgonjwa anaonekana amelala au amepumbaa tu. Huyo asipopewa dawa ya kifafa, anaharibika. Hali hizi mbili zinaweza kufanana sana, na zinaweza kukaa ndani ya mgonjwa mmoja.

Chama cha Wanafiziolojia ya Neva wa Marekani kilibadilisha majina katika mwongozo wake wa mwaka 2012 na kuendelea hivyo katika ule wa 2021. Siku hizi huandikwa "mitoko ya vipindi ya pande zote, yenye umbo la awamu tatu"; mitoko ni mirindimo mifupi ya umeme inayochomoza kwenye mistari. Maana yake: eleza unachoona, usitoe hukumu ya chanzo kwa kutazama umbo. Mimi naona walifanya vyema, kwa sababu wasomaji wazoefu wakipewa karatasi bila historia ya mgonjwa hawakubaliani sawasawa lipi ni la ini na lipi ni la kifafa.

Yako mambo yanayosaidia kutenganisha. Mitoko ikizidi 2.5 kwa sekunde, kifafa kinakuwa jibu la karibu. Ikianza mahali pamoja, ikaongeza kasi, ikasambaa, ikabadilika umbo, hicho ni kifafa. Ikiwa inaongezeka mgonjwa anapoamshwa na kupungua anapoachwa alale, hitilafu ya damu (ini, figo, chumvi) inawezekana zaidi.

Ipo pia njia ya kujaribu dawa: mgonjwa huchomwa dozi ndogo ya dawa ya jamii ya diazepamu (dawa ya kutuliza na kuzima kifafa) mashine ikiwa inarekodi. Tahadhari: dawa hiyo hufuta mawimbi ya awamu tatu hata kama si kifafa. Mistari ikisafika na mgonjwa bado amelala vilevile, hujathibitisha lolote. Mistari ikisafika na mgonjwa akafumbua macho na kuuliza mkewe yuko wapi, hapo umepata jibu. Na kwa mgonjwa wa ini diazepamu yenyewe inaweza kumzamisha zaidi, kwa hiyo jaribio hili lina mahali pake na watu wake, wakiwa na oksijeni karibu.

Kuna ubaya gani akianzishiwa dawa ya kifafa kwa tahadhari tu?

Inategemea dawa. Valproeti, ambayo hutumika sana kwa kifafa, inaweza kupandisha amonia na kuumiza ini. Mgonjwa wa ini aliyesomewa vibaya mawimbi yake, akapewa valproeti, akazidi kulala, akaongezewa dozi: hilo ni duara baya. Fenobabito nayo hulaza. Zipo dawa zilizo salama zaidi kwa ini, ingawa baadhi yake, kama levetirasetamu, hutolewa kwa figo na dozi yake lazima ipunguzwe figo zikiwa dhaifu. Ukiona valproeti kwenye cheti cha mgonjwa wa ini, una haki ya kuuliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kila ugonjwa una sura yake kwenye EEG?

Zipo dalili za kuegemea, hakuna muhuri. Figo zikishindwa, mawimbi hupungua kasi na mgonjwa anaweza kushtuka misuli au kuonyesha mitoko anapomulikwa taa inayowaka na kuzima. Cha ajabu, baada ya mizunguko ya kwanza ya kusafishwa damu EEG inaweza kuonekana mbaya zaidi kabla ya kuwa nzuri, kwa sababu urea inatoka kwenye damu haraka kuliko inavyotoka kwenye ubongo.

Sukari ikishuka, delta huingia na huongezeka sana mgonjwa akiambiwa apumue kwa nguvu na haraka. Sukari ikipanda mno bila asidi kwenye damu, jambo la kushangaza hutokea: mkono mmoja, au upande mmoja wa uso, unaanza kucheza saa nzima mtu akiwa na fahamu zake. Hicho ni kifafa cha eneo moja, na tiba yake kubwa ni maji na insulini. Kalsiamu ikishuka, ncha za kifafa huonekana mapema kuliko katika magonjwa mengine ya kundi hili. Sodiamu ya chini hupunguza kasi ya mawimbi, na ikishuka kwa ghafla degedege linaweza kufuata. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo mno, alfa inapungua kasi na mawimbi yanakuwa mafupi kwa kimo.

Kwa hiyo EEG haiwezi kutuambia chanzo?

Haiwezi. Chanzo kinatafutwa kwenye damu: sukari, sodiamu, kalsiamu, kreatinini (kipimo cha figo), vipimo vya ini, malaria, oksijeni. EEG inajibu maswali mengine mawili: ubongo umezama kiasi gani, na je, kuna kifafa kilichojificha? Anayesubiri EEG ndipo apime sukari amegeuza mambo.

Mikono yake inapapatika akiinyoosha. Ni degedege?

Huenda si degedege. Mwambie anyooshe mikono mbele na kukunja viganja juu, kama askari wa barabarani anayesimamisha gari. Viganja vikianguka ghafla na kurudi, vikianguka na kurudi, hiyo ni asteriksisi, ambayo Foley na Adams waliieleza mwaka 1949 kwa wagonjwa wa ini. Misuli inapoteza nguvu kwa kitambo kidogo sana, haikazwi. Huonekana pia kwa wenye figo mbovu na wenye hewa ya kaboni nyingi mwilini. Kipimo hiki hakina bei, na nesi yeyote anaweza kukifanya kila asubuhi na kuandika kwenye faili.

Je, malaria kali ya watoto inaingia hapa?

Kwa sehemu. Malaria ya ubongo ina mambo yake ya mishipa midogo kuzibwa, lakini inaambatana sana na sukari kushuka na asidi kupanda kwenye damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari iliyo chini ya milimoli 2.2 kwa lita kuwa mojawapo ya dalili za malaria kali. Kazi iliyofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ilionyesha kuwa baadhi ya watoto waliopoteza fahamu kwa malaria walikuwa kwenye kifafa bila degedege la kuonekana. Alama zilikuwa ndogo: macho kukaa upande mmoja, pembe ya mdomo kuchezacheza, mate kutoka, pumzi kubadilika. Mama aliyekaa kando ya kitanda mara nyingi huziona kabla ya daktari, na asidharaulike anapozisema.

Ni dawa gani tuwatajie kabla ya kipimo?

Zote, pamoja na za mitishamba na zile ulizonunua duka la dawa bila cheti. Diazepamu na fenobabito huongeza beta, na dozi kubwa hulaza mistari. Antibayotiki sefepimu kwa mtu mwenye figo mbovu inajulikana kwa kuleta mawimbi ya awamu tatu na kuchanganyikiwa, na seftriaksoni, inayochomwa karibu kila wodi, imeripotiwa kufanya hivyo pia kwa wenye figo zilizoshindwa. Baklofeni (ya kulegeza misuli) na lithiamu (ya magonjwa ya akili) zimo kwenye orodha hiyo. Katika hali hizi, dawa ya ugonjwa ni kuacha dawa, na wakati mwingine kuisafisha kwenye damu.

Mama amesuka. Lazima afumue?

Kwa kawaida ndiyo. Wigi, wivingi na rasta za kuongezea zinazuia elektrodi kugusa ngozi. Mistari ya twende kilioni wakati mwingine inaacha nafasi, lakini mahali pa kubandika hupimwa kwa asilimia 10 na 20 ya urefu na upana wa kichwa, hapafuati ramani ya msusi. Nywele zioshwe kwa sabuni, zikauke, zisipakwe mafuta. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hangojei kufumuliwa: hubandikwa panapowezekana, na ripoti itaje hivyo.

Asije na njaa. Sukari ya chini inabadilisha mawimbi, na mgonjwa wa kisukari aliyefunga Ramadhani amwambie mtaalamu saa aliyokula daku. Kipimo cha kawaida huchukua dakika 20 au 30 za kurekodi, mbali na muda wa kubandika. Kifafa kilichojificha kinaweza kukwepa dakika hizo, ndiyo maana mahali penye uwezo mgonjwa mahututi hurekodiwa kwa saa 24 au zaidi.

Hospitali yetu haina EEG. Tumsafirishe?

Kwanza atibiwe kinachotibika hapohapo. Sukari irudishwe. Kama ni mnywaji au amedhoofika kwa njaa, apewe thiamini (vitamini B1) pamoja na sukari hiyo. Kwa mgonjwa wa ini, tafuta kilichomwangusha: damu inayovuja tumboni (choo cheusi), maambukizi, kufunga choo, kukaukiwa maji, dawa za usingizi. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo, hutolewa hadi apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Sodiamu ya chini isipandishwe kwa pupa, kwa sababu kuivuta juu haraka huweza kuharibu shina la ubongo.

Rufaa kwa ajili ya EEG ina maana pale vipimo vya damu vimerekebishwa na mgonjwa bado haamki, au hali yake inapanda na kushuka bila maelezo, au kuna zile alama ndogo za uso na macho. Kumsafirisha usiku kucha mtu ambaye sodiamu yake haijapimwa, ili akapigwe picha ya mawimbi, sioni faida yake.

Ripoti inasema mawimbi ni ya polepole pande zote. Atapona? Amekuwa kichaa?

Si kichaa. Magonjwa ya akili kama skizofrenia kwa kawaida hayapunguzi kasi ya mawimbi kwa namna hii, na ndiyo sababu EEG humsaidia daktari anayejiuliza kama mgonjwa apelekwe wodi ya akili au ya magonjwa ya ndani. Mistari ya kawaida kabisa kwa mtu anayeonekana amechanganyikiwa vibaya humfanya daktari atafute mahali pengine.

Kupona kunategemea chanzo kuliko mawimbi. Delta ya mtu aliyeshuka sukari na kurudishwa mapema inaweza kuondoka upesi. Ya ini na figo huchukua siku, hata wiki. Aliyesimama moyo na kurudishwa ana hesabu yake tofauti: mistari bapa au ya kulipuka na kulala, isiyojibu chochote, baada ya saa 24 na kuendelea, ni dalili mbaya, na hata hapo madaktari makini huichanganya na vipimo vingine na kuhakikisha kuwa dawa za usingizi zimeisha mwilini.

Kipimo kirudiwe lini?

Mgonjwa akiamka na vipimo vya damu vikinyooka, mara nyingi hakuna haja ya haraka. Mistari inaweza kuchelewa nyuma ya mgonjwa: anakula, anasalimia, anauliza habari za shamba, na mdundo wake wa kisogoni bado ni 7 kwa sekunde, haujarudi kwenye alfa. Usimkatishe tamaa kwa karatasi. Kirudiwe kama ameacha kupiga hatua, au amerudi nyuma, au alianzishiwa dawa ya kifafa wodini na sasa mnataka kujua kama aendelee nayo nyumbani. Hilo la mwisho husahaulika sana, na watu hubaki wakimeza vidonge miaka kwa kifafa ambacho hawakuwahi kuwa nacho. Siku ya kuruhusiwa, muulize daktari dawa hiyo itaachwa lini na nani atasimamia kuipunguza, kwa maana haiachwi kwa siku moja.